Kitambaa Nilichofunga kwa Mzee Masanja

Usangu, mvua zikiishia

Mdogo wangu Klemensi,

Nianze na miguu ya mama, maana kila nikishika kalamu ndiyo inayonijia mbele. Uvimbe umepungua? Anafika bombani mwenyewe, au bado anatuma watu halafu anawagombeza wakirudi kwamba wamechelewa? Kama anagombeza, nitalala vizuri. Wewe je, na wifi yangu, na hao watoto wenu wasiokosa makamasi? Cherehani inazunguka? Huko Kihesa baridi imeshaanza, au bado mnadanganyana kwamba ni mvua tu? Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Kikohozi kidogo kilinishika lakini kimeniacha, kwa hiyo habari hiyo usimpelekee mama.

Barua zako mbili zilinifikia siku moja, zimeloa, zikakauka, zikaloa tena, hata stempu zimebanduka. Katika ile ya pili umeandika, "Dada, uko hai? Nijibu." Nilicheka peke yangu mpaka nikaona haya. Sasa kama ningekuwa nimekufa ningekujibu vipi? Lakini baadaye nilikaa na barua hiyo mapajani kwa muda mrefu, maana tangu tufani ipite wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali hilo.

Ulisema umesikia redioni kwamba upepo umeharibu vijiji vya huku mbugani. Redio haikukosea. Ilikuwa alasiri, watu wengi wako kwenye majaruba ya mpunga. Kwanza ng'ombe walianza kulia bila sababu, halafu mbingu ikawa nyeusi upande mmoja. Unajua mimi ni mtu wa milimani, upepo nimeuzoea, lakini upepo wa Iringa hupiga ukapita. Huu ulikaa. Uling'oa mabati ya ghala la kijiji ukayatupa mtoni, ukabeba mapaa ya nyasi kama mtu anayefunua sufuria, na nyuma yake ikaja mvua ya siku tatu mpaka mto ukafurika na maji yakaingia majumbani hadi magotini. Nyumba yangu, ile ya vyumba viwili iliyo ubavuni mwa zahanati, iliangukiwa na paa la chumba kimoja. Nikafunga mlango wa chumba hicho, nikahamia cha pili, nikamshukuru Mungu.

Jirani yangu hakupata cha kushukuru. Mama Kabula, mke wa Mzee Masanja, aliingia ndani kufunika kihenge, lile ghala lao la kusuka lililokuwa na mpunga wa mwaka mzima, na ukuta ukamwangukia, akafa. Nimekutajia Mama Kabula karibu katika kila barua. Wale ni Wasukuma. Walihama kwao na ng'ombe wao kutafuta malisho, wakaikuta mbuga hii ya Wasangu, wakakaa. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikuja mgeni, aliujua ugeni. Nilipofika mwaka juzi na sanduku langu, sijui hata watu wa hapa wanaamkiwaje, ndiye aliyenijia na kibuyu cha mtindi akasema, "Nesi, mtu hakai peke yake kama nguzo." Akanifundisha "mwangaluka" yao ya asubuhi. Mimi nikamfundisha "kamwene" yetu, akawa ananisalimu hivyo kila siku juu ya ua, kwa matamshi ambayo yangemchekesha mama mpaka alie. Sasa hakuna tena wa kuniambia neno hilo hapa kijijini.

Nilimwosha mimi, pamoja na Nyamizi, mdogo wake. Nilimwosha kwa mikono mitupu, uso wangu karibu na uso wake, na wala sikufikiria kitambaa. Likumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Siku ya tano baada ya mazishi niliitwa Mbeya. Tuliitwa wote tunaofanya kazi katika zahanati za mbugani, tukafundishwe jinsi ya kulinda vifua vya watu watakapoanza kusafisha nyumba zao. Mafunzo yalikuwa ya siku nne. Nililala mtaa wa Soweto kwa ndugu wa mwenzangu mmoja, watu wema, lakini wana mambo yao. Siku ya pili nikapita sokoni, nikasikia mwanamke muuza vitunguu akimgombeza mwenzake kwa Kihehe safi, cha kule kwetu kabisa. Nikasimama. Nikanunua vitunguu. Nikauliza tena bei ya vile nilivyokwisha kununua, nikanunua vingine, ili tu aendelee kusema. Alidhani nina hoteli. Nikarudi huku na kapu zima la vitunguu, na sina wa kumpikia.

Mwalimu wetu alikuwa bwana afya mmoja mfupi mwenye sauti ya katekista. Alisema watu hudhani maji yakikauka hatari imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Mpunga ulioloa huota ukungu, nyasi za paa huoza, panya huhamia kwenye kuta, na mtu akifagia au akipepeta pakavu, vumbi lote lile linakwenda kifuani. Jioni anapata homa, kifua kinabana, anakohoa kikohozi kikavu. Akirudia siku nyingi, mapafu yanaharibika. Kwa hiyo tuwafundishe watu wanyunyize maji kabla ya kushika ufagio, wasimame upande unakotoka upepo, wafungue kila dirisha, wenye pumu na watoto wakae mbali, na kila mtu afunge puani kitambaa kilicholowanishwa na kukunjwa mara tatu. Alikiri mwenyewe kwamba kitambaa si kinga kamili, ila sisi tutakachopata ni kitambaa. Kila mmoja akapewa jora la bafta nyeupe. "Msikubali mtu aingie bila kitambaa," akasema. "Hata awe mwenyekiti wa kijiji." Hilo la mwisho nililipenda. Unanijua.

Nilishuka kwenye lori asubuhi, na hata nyumbani sikupita. Kijiji kizima kilikuwa kwa Mzee Masanja, maana walikubaliana kuanza na nyumba ya msiba. Walikuwa na majembe, mafagio na makarai. Mzee ameketi nje kwenye kigoda, kichwa kimenyolewa. Ukutani palipobomoka ungeweza kukiona kihenge kimelala ubavu, mpunga umeshikana mweusi na kijani, una joto kama kitu kilichoko jikoni, na harufu yake usiniulize. Mimi nikajipanga mlangoni kwake kama askari. Nikachana bafta, nikalowesha, nikafunga puani mbele ya watu wote, nikasema kwa ile sauti ya mwalimu wangu, "Hakuna kuingia humu bila kitambaa."

Mzee akaniangalia.

"Nesi," akasema taratibu, "nyumba yangu inanuka?"

Hapo, Klemensi, nilikuwa bado na nafasi. Mama alitulea vipi? Tulipokwenda kumwona bibi mgonjwa, si alitufinya mapaja kwa sababu tulikunja pua? Nilijua. Sitakuambia kwamba sikujua. Lakini kichwani nilikuwa na mafunzo ya siku nne na begani nina jora, nikaona adabu za nyumbani ni za nyumbani na kazi ni kazi. Nikamjibu nikiwa bado nimefunga, "Si habari ya harufu, Mzee. Ni ukungu. Ukivuta vumbi hili utaumwa."

Nyamizi akadondosha karai. "Mmesikia?" akawaambia watu. "Dada yangu hajamaliza hata mwezi kaburini, huyu anamzibia pua. Na nguo yenyewe ya sanda."

Maana bafta nyeupe, mdogo wangu, ndiyo ile ile tuliyomzikia. Hilo, nakuapia, halikunipitia akilini hata kidogo.

Mzee akainuka. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliwaambia watu, "Rudini nyumbani. Ya kwangu nitafagia mwenyewe." Wakaokota majembe yao, wakanipita mmoja mmoja pale mlangoni. Basi akafagia siku tatu, pakavu, peke yake, mlango ameurudishia asionekane analia. Nilikuwa nausikia ufagio wake kutoka kwangu.

Baada ya hapo hakuna mtu aliyenitukana. Ingekuwa Kihesa wangekuja mlangoni wakanipasha, nami ningewapasha, tukamaliza. Huku walinyamaza. Nikisalimia naitikiwa, na mazungumzo yanaishia hapo. Mtindi ulikoma. Nikifika kisimani wanawake wanakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu motoni, wananiachia kisima kizima. Zahanati nilifungua asubuhi, nikapanga vidonge, nikafuta meza, nikafunga jioni, na katikati hajaingia mtu. Betri za redio ziliisha na duka lilikuwa limesombwa na maji. Nikaanza kusema na birika. "Umechemka? Haya, asante." Siku moja nilijikuta nimepakua sahani mbili za ugali, na wala sikuwa nimemfikiria mtu yeyote, ni mkono tu uliopakua. Nikala moja, nyingine nikaifunika.

Nilikuwa mpweke, Klemensi, na nakuandikia wazi kwa sababu huku sina wa kumwambia. Mwaka huu ni wa sita tangu niwe mjane, nikadhani upweke naujua wote. Lakini ule wa ujane una watu wanaokuonea huruma, wanakuletea kuni, wanakukatia mboga. Huu niliuleta mwenyewe kwa mdomo wangu. Usiku nilikuwa narudia yale maneno niliyomjibu Mzee, nikitafuta mengine ambayo ningesema badala yake, na yalikuwa mengi tu.

Mabaya zaidi, kwa ajili yangu kitambaa kikawa tusi. Wanawake ambao tangu zamani walikuwa wanajifunga kanga usoni wakipepeta, bila kufundishwa na bwana afya yeyote, waliacha. Mtu akifunga pua, basi yuko upande wa nesi. Wakasafisha nyumba zao pakavu, kinyume na desturi yao, wakapepeta ule mpunga ulioota ukungu, maana mwenye njaa hatupi chakula kirahisi. Jioni nikikaa nje navisikia vikohozi, nyumba hii na ile. Kulikuwa na vifua vya kutibu na mimi ndiye mganga wao, na hawaji.

Kikohozi cha Mzee Masanja nilikitambua kati ya vyote, kwa kuwa ua ndio uliokuwa kati yetu. Mwanzoni kilikuwa cha kawaida. Halafu kikaanza kukatika katikati, na baada ya hapo unasikia mluzi, mtu anavuta hewa na hewa haiji. Siku nilipousikia mluzi ule nilisimama, nikachukua mkoba wangu wa dawa, nikaurudisha chini. Nikavua viatu. Nikazunguka ua nikaenda kuketi chini mlangoni kwake, kama wanavyoketi wanawake wa hapa wanapokuja na shida.

Alikuwa ameegemea nguzo, kifua kinapanda na kushuka, midomo imekuwa ya kijivu. Nyamizi alikuwa anakoroga uji. Akaniona, akanigeuzia mgongo.

"Mzee," nikasema, "nimekuja kuomba radhi. Mama Kabula nilimwosha kwa mikono hii, halafu nikaja mlangoni kwake nikamzibia pua. Sina la kujitetea."

Mzee alijibu vipande vipande, kwa sababu ya pumzi.

"Mgeni anakuja kwangu. Amebeba kichwani chungu yake ya ugali. Anakaa, anakula yake. Mimi nitasema nini? Nitasema, huyu anaogopa chungu yangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Maji ya kunawa nani anatoa? Kigoda nani anatoa? Si mwenye nyumba?" Akakohoa kwa muda mrefu. "Ungesema tu, Masanja, kuna vumbi baya, nipe kitambaa. Ningekupa."

Mwalimu wangu wa Mbeya alitufundisha kukunja kitambaa mara tatu. Hakutufundisha kinapaswa kutoka mkononi mwa nani.

"Sasa hii kitambaa," Mzee akasema, "inazuia kweli?"

"Inapunguza. Haizuii yote, sitakudanganya. Na kwako wewe nimechelewa."

Nyamizi akaacha kukoroga.

"Na hawa wengine?" akauliza Mzee.

"Kwa hao bado tunawahi."

Akamwambia Nyamizi alete kaniki ya marehemu. Nyamizi akasema nguo za marehemu hazijagawanywa, ndugu hawajafika kutoka Usukuma, watasemaje? Mzee akasema, "Leta. Ndiyo nagawa sasa." Ililetwa. Ni ile kaniki nyeusi aliyokuwa anavaa kila siku, hata wewe ungemtambua kwa hiyo. Mzee aliianzia kwa meno kisha akaichana kwa mikono, pole pole, anapumzika kila kipande. Cha kwanza alikichovya kwenye maji ya kunawa akajifunga mwenyewe. Cha pili alimpa Nyamizi. Nyamizi alikishika usoni muda mrefu kabla ya kukifunga. Cha tatu alinipa mimi, nikakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa bado kinanukia samli aliyokuwa anajipaka. Nikafunga, nikavuta pumzi, nikabaki hapo hapo nimeketi.

Kesho yake aliwaita watu. Nilimkatalia kabisa kuingia ndani, kwa hilo nilikuwa mkali na hakunibishia. Alikaa nje upande wa upepo na vipande vyake vya kaniki, na kila aliyekuja alipita kwake kwanza, akainama, akapokea, akafunga, ndipo akaingia. Tukautoa mpunga wote, tukaufukia mbali, tukakwangua kuta.

Tangu siku hiyo ndivyo inavyofanyika. Ukienda kumsaidia mtu kusafisha, unasimama mlangoni mpaka mwenye nyumba akupe kitambaa, na yeye anatangulia kufunga. Mmoja atatoa kanga kuukuu, mwingine shati la marehemu baba yake. Mwenyekiti alichana shuka mpya na akahakikisha tumejua kwamba ni mpya. Nilipojaribu kuwafundisha kunyunyiza maji kabla ya kufagia, bibi mmoja aliniuliza, "Kwani kwenu mnafagiaje?" Nikampisha mbele na kopo lake la maji. Jora la bafta nimelirudisha wilayani na lori. Wameniandikia wakitaka nieleze kwa nini halikutumika, na sijajua nianzie wapi.

Watu wameanza kuja zahanati tena na vikohozi vyao, wengi wamepona. Mzee Masanja tulimpeleka Mbeya, akalazwa, akarudi. Daktari alisema mapafu yamepata kovu ambalo halitaondoka. Hawezi tena kufuata ng'ombe, hata kwenda kwa mwenyekiti anapumzika mara mbili njiani. Zile siku tatu za ufagio ni zangu, Klemensi. Hajawahi kunitajia, Nyamizi pia hajanitajia, lakini mimi nazijua. Kila ninapousikia mluzi wa pumzi yake juu ya ua nazihesabu tena, ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Unauliza kama nitarudi nyumbani. Mkubwa wangu wa wilayani amesema nikitaka uhamisho wa kwenda Iringa atanisaidia. Wakati ule wa kisimani nilikuwa nimeshahama moyoni, nilikuwa nimebakiza kufunga sanduku tu. Sasa sijui. Watu wananiitikia vizuri, wanakuja na wagonjwa wao, wananishukuru na kuondoka. Hakuna anayekaa. Mtindi haujarudi, na sidhani kama nina haki ya kuudai. Ukiniuliza leo nitakuambia nipe mwezi mmoja, na mama usimwambie lolote, maana atatandika kitanda.

Nisalimie mama, mwambie ninakunywa ile dawa yake ya mizizi ingawa mimi ni nesi. Nisalimie wifi yangu, mwambie asibebe ndoo akiwa na ujauzito huo. Msalimie baba mdogo mpiga kengele, na shangazi wa Tosamaganga kama bado anakuja na mayai siku za soko. Yule binamu yetu dereva mwambie aache kuwaahidi watu kwamba atanipitia huku. Barabara aliyoijua haipo tena. Na huyo mwanao anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza, mwambie shangazi yake anamwombea kila Jumapili, peke yake katika benchi.

Nilitaka nifunge barua hapa. Lakini najua siku ya komunyo utaniangalia tangu juu hadi chini kwa macho yako ya fundi, kwa hiyo afadhali uisikie sasa habari ya kitenge.

Kile kitenge ulichonitumia, ambacho watu wote wa nyumba yetu watavaa siku hiyo, kilinifikia salama kabla ya tufani. Nilikiweka sandukuni nikingoja kupata mtu wa kunipima. Juzi Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua, nikasikia miguu ya watu wengi nje. Nilikuwa bado na kile chumba nilichokifunga. Paa lilikuwa limelala humo ndani na boriti zake, nyasi zimeoza, ukungu umeanza kupita chini ya mlango. Nyumba zote za kijiji zilikuwa zimekwisha safishwa, na mimi sikuwa nimemwomba mtu. Ningemwomba kwa uso gani?

Nikafungua mlango. Wamesimama Nyamizi, mwenyekiti, na wale wanawake wa kisimani, watu kumi na mmoja, wameshika majembe na makarai. Mzee Masanja amefika na fimbo yake, ameshakaa upande wa upepo. Nikawasalimia, wakaitikia. Nikasema karibuni. Hakuna aliyesogea. Nikasema tena karibuni ndani, wakaniangalia tu. Nikadhani wamekuja kuniambia niondoke, na wamekuja wote pamoja ili lisiwe neno la mtu mmoja.

"Nesi," akasema Mzee, "tunangoja."

"Mnangoja nini, Mzee?"

"Tunamngoja mwenye nyumba."

Utanicheka, lakini niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu.

Halafu nikaelewa, nikaingia ndani mbio. Ndani hamkuwa na kitu cha kuchana. Bafta nilikuwa nimerudisha, kanga zangu mbili nilikuwa nimezifua na zinachuruzika maji. Nikafungua sanduku. Kitenge kizuri kinapiga kelele kikichanwa, wewe unajua, nami nilikichana pale pale mlangoni wakisikia. Nikalowesha kipande changu nikatangulia kufunga. Wakaja mmoja mmoja, wakainama, wakapokea kwa mikono miwili. Nyamizi alikuja wa mwisho, akanipa kisogo ili nimfungie mwenyewe. Mzee naye akanyoosha mkono ingawa hakuwa anaingia, nikampelekea chake. Tangu nije huku sijawahi kugawa kitu mlangoni kwangu.

Kwa hiyo gauni hakuna. Kimebaki kipande cha kutosha kilemba, nami nitakuja komunyo nimekivaa kichwani, na usithubutu kunishonea kingine.

Ni mimi dada yako, mwenye nyumba,

Rozalia